Sela kwa Mguu Mmoja

Kwa wanazuoni wote wa Maandiko, kwa maaskofu, wachungaji, mapadri, wainjilisti na walimu wa kwaya popote walipo: natangaza rasmi kwamba neno Sela, lile linalojitokeza mwishoni mwa mistari ya zaburi bila kualikwa na bila kueleza shida yake, neno lililowasumbua wataalamu tangu enzi za kale, limepatiwa maana. Ugunduzi huo ulifanyika Handeni, katika bweni la wavulana la shule yetu, Jumamosi asubuhi, mgunduzi akiwa anatafuta soksi ya pili.

Mgunduzi ni mimi. Naitwa Bonaventura, kidato cha tatu. Wenzangu huniita Bona, na mwalimu wa zamu huniita "wewe tena". Kuhusu ugunduzi wenyewe, kuna jambo dogo ambalo ni vizuri mlijue mapema. Niliutunga.

Lawama zianzie kwa Obadia Mdoe. Obadia hulala kitanda cha chini, mimi cha juu, na ndiye kiongozi wa kwaya ya shule. Ni mtu wa kuimba tangu anapoamka. Hupiga mswaki kwa mahadhi. Asubuhi hiyo alikuwa anaitungia sauti zaburi moja, ile ya milima kutikisika na bahari kuvuma huku mto ukiufurahisha mji wa Mungu, akafika kwenye Sela ya kwanza akakwama.

"Kaka Bona," aliniita kutoka chini, "hivi Sela maana yake nini? Nataka nijue naweka nini hapa."

Ningeweza kujibu sijui. Ni neno fupi, jepesi, na halijawahi kumvunja mtu mguu. Lakini muhula uliopita nilishinda chemsha bongo ya Biblia, na mtu akishashinda chemsha bongo, "sijui" humkwama kooni kama mfupa wa perege. Nikatazama dirishani kutafuta msaada. Nje ya uzio kulikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe alikuwa amesimama ameegemea fimbo yake, mguu mmoja chini, mwingine ameukunja kwenye goti, ametulia kama nguzo.

"Sela," nilisema nikishusha sauti, "ni amri ya waimbaji. Walawi walipofika hapo walinyamaza wote, wakafumba macho, wakainua mguu mmoja."

"Mguu mmoja?"

"Wa kushoto." Uongo hupenda kuvalishwa vizuri. "Kuonyesha kwamba mwanadamu hana pa kusimama ila kwa Mungu."

"Nani kakwambia?"

"Mjomba wangu Petro. Anasomea uchungaji."

Mjomba Petro anaziba pancha Masuguru, pale Korogwe. Hajawahi kusomea kitu chochote kisichojazwa upepo.

Nikangoja Obadia acheke ili nami nicheke. Hakucheka. Alirudia polepole, "Hana pa kusimama ila kwa Mungu," akatoka bwenini mbio kwenda kumtafuta Mwalimu Simeo, mlezi wa kwaya. Ndipo nilipoiona soksi yangu. Alikuwa ameivaa.

Sasa mtauliza, kwa nini sikumwambia ukweli jioni ile ile? Swali zuri. Mwanzoni sikumwambia kwa sababu mazoezi yalikuwa raha kupita kiasi. Fikirini kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka besi, imefumba macho kwa mguu mmoja kwenye darasa la kidato cha kwanza. Walikuwa wanaanguka kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Besi mmoja aliangukia ubao. Mimi nilisimama safu ya nyuma, miguu yangu yote miwili imetulia sakafuni, nikiuma mkono wa shati nisipasuke.

Aliyeharibu raha yangu ni Yuditha, kiongozi wa sauti ya pili, msichana asiyependa kushindwa na kitu.

"Mnaanguka kwa sababu kila mtu anajisimamia mwenyewe," alisema. "Shikaneni mabega. Haya, tena."

Wakashikana mabega. Wakaimba mpaka Sela, wakanyamaza, wakainua mguu, na safari hii hakuanguka hata mmoja. Darasa likatulia hivi kwamba tulimsikia kuku wa mwalimu akiparua nyuma ya ukuta. Obadia alipoanza tena ubeti uliofuata, sauti ilitoka kama maji ya bomba yaliyokuwa yamezibwa na kidole.

"Umesikia, Bona?" aliniuliza baadaye, macho yanang'aa. "Kile kimya ndicho kinachoibeba zaburi. Mshukuru sana mjomba wako."

Nikasema nitamshukuru.

Ndipo nikajua jambo la pili, ambalo halikuwa la kuchekesha. Baba yake Obadia ni mwinjilisti kule Kwashemshi. Wanaomfahamu wanasema Mzee Mdoe alicheka mara moja tu, na yenyewe hawana uhakika, huenda ilikuwa kikohozi. Matokeo ya Hisabati ya Obadia yalikuwa yameporomoka, na mzee alikuwa amemwita kwenye simu ya Mwalimu Simeo akampa maneno machache. Obadia alinisimulia usiku huo.

"Kasema Mungu huimbiwa, hachezewi. Kwaya zetu za shule kaziona, kasema ni kukata viuno na kupiga picha. Tukienda kwenye tamasha la kwaya Korogwe, atakuja mwenyewe. Akiona ni ibada, nitaendelea kuimba. Akiona mchezo, natoka kwaya siku hiyo hiyo na sigusi muziki tena mpaka nimalize shule."

"Atapenda tu," nilisema.

"Hawezi kuona mchezo, Bona. Tuna Sela."

Nililala vibaya. Nalilaumu godoro.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbele bila kuniuliza. Obadia alikataa kinanda cha umeme chenye ngoma za kubonyeza. Alisema zaburi zinataja ala zinazoshikika, basi tutashika. Awadhi, rafiki yetu ambaye ni Mzigua wa hapa hapa Handeni na ni Mwislamu wa kufunga na kusali, alisema kwa baba yake mkubwa, mwalimu wa madrasa, kuna matari ya kasida. Tukaenda watatu kuomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu." Mzee Muhidini alikuwa barazani anachambua mbaazi. "Awadhi ameniambia. Mnataka matari mkaimbie nini?"

"Zaburi, mzee," alisema Obadia.

"Ya Nabii Daudi?"

"Ndiyo mzee."

"Basi hiyo si kazi ngeni kwa tari." Akaingia ndani, akatoka nayo manne. "Lakini hii ni ngozi ya mbuzi, haidanganywi. Asubuhi ina umande, inalegea. Kabla hamjapiga muipashe moto kwanza, taratibu, mpaka iwaitikie. Na yasilale chini. Awadhi, wewe ndiye utanijibu."

"Nitapiga mwenyewe, baba mkubwa, na watatu nitawafundisha. Wengine wataimba."

"Kapige," alisema mzee. Kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Ukipiga ngozi ambayo haijapashwa moto, kila mtu husikia."

Nilikubali kwa kichwa kama mtu ambaye maneno hayo hayamhusu.

Yalibaki matoazi. Hapo nilijitolea, maana moyo wangu ulikuwa unatafuta mahali pa kufanya wema. Vifuniko viwili vya sufuria za ugali vya jikoni, vikigonganishwa ukingo kwa ukingo, vina mlio ambao Mfalme Daudi mwenyewe angegeuka kuangalia. Nilivileta. Kwaya iliamini nimepewa ruhusa. Mama Shamsia, mpishi wetu, aliamini vimebebwa na tumbili, kwa sababu kuna kijana mwaminifu wa kidato cha tatu aliyemwambia amewaona kwa macho yake wakivuka uzio navyo. Toka siku hiyo mama yule akawa anawarushia tumbili kuni, na tumbili wakawa wanamshangaa.

Jumapili ya tamasha tulipanda gari la shule alfajiri. Tulipoanza kuiona mistari ya mkonge, nikajua Korogwe imekaribia, nikamwambia Obadia nina neno naye.

"Kuhusu Sela," nilianza.

"Hata mimi," alisema. "Nimeamua nitaielezea kabla ya kuimba, ili watu washiriki. Nimtaje mjomba wako?"

"Usimtaje."

"Una unyenyekevu, kaka. Wewe ulitaka kusema nini?"

Kwaya nzima ilikuwa inapasha sauti. Yuditha alikuwa anagawa tangawizi. Obadia alikuwa amenyoa, na shati lake alikuwa amelipiga pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake.

"Nilitaka kusema kila la heri," nikasema.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka ngazini. Mbele kabisa, mwisho wa benchi la wazee, alikaa Mzee Mdoe, koti la kijivu, kofia magotini, uso kama wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu ambayo ameiandika yeye. Kwaya zilizotangulia zilikuwa na vinanda, spika na vitenge vipya. Kwaya moja ilicheza mpaka vumbi likapanda. Mzee hakutikisika.

Nyuma ya jiko la kanisa Awadhi alikuwa amechuchumaa, anazungusha matari juu ya makaa, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anazungusha tena.

"Tayari?" nilimwuliza.

"Tari tayari. Wewe mbona una jasho kama ndiye uliyekaa kwenye moto?"

Tukaitwa. Obadia akasogea mbele.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Ameen!"

"Watumishi wa Mungu, katika zaburi hii mtasikia neno Sela mara tatu. Kila tukifika hapo tutanyamaza, tutafumba macho na kusimama kwa mguu mmoja, kuonyesha kwamba mwanadamu hana pa kusimama ila kwa Mungu. Atakayeweza na aungane nasi. Shikeni mabega ya jirani."

Minong'ono ikapita kama mbuzi kwenye majani makavu. Mimi niliwahi nguzo ya safu ya nyuma nikajibanza.

Matari yakaanza. Zile ngozi ziliitikia. Kwaya ikaingia na milima ikaanza kutikisika, maji yakavuma, nami nikagonga vifuniko vyangu kwa bidii ya mwenye dhambi. Tukafika Sela ya kwanza. Kimya. Mguu juu. Watoto walicheka, bibi mmoja akasema "Wee!" kwa sauti, na Mzee Mdoe akakunja paji la uso.

Ubeti wa pili ni ule wa mto na mji. Sauti ya pili ya Yuditha huingia hapo kama mtu anayefungua dirisha. Sela ya pili ilipofika, yule bibi aliyesema "Wee" aliinuka kwenye benchi, akamshika jirani yake bega, akainua mguu. Sasa nyie mnatujua sisi watu wa huku. Kanisani bibi akiinuka, hakuna wa kubaki amekaa. Benchi lake likainuka, na la nyuma yake, na mabinti wa kwaya nyingine na vitenge vyao.

Halafu ubeti wa tatu, wa pinde kuvunjwa na vita kukomeshwa mpaka miisho ya dunia, na sauti inayowaambia watu watulie. Na Sela ya mwisho.

Sijui niielezeje. Kanisa zima lilikuwa kwa mguu mmoja. Mzee wa kanisa mwenye tumbo alikuwa kwa mguu mmoja. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa kwa mguu mmoja, na mtoto amelala. Wote wamefumba macho, kila mtu kamshika mwenzake, na hakuna aliyeanguka. Nje kulikuwa na jogoo wa mnada wa sadaka aliyefungwa mguu kwenye mti. Naye, kwa hali aliyokuwa nayo, tuseme alishiriki. Kimya kilikuwa kikubwa kuliko wimbo. Nilijiambia, Bona, huu ndio utani bora kuliko wote katika historia ya Mkoa wa Tanga, cheka basi. Kicheko nikakitafuta, hakikuwepo.

Kisha nikaona macho mawili yaliyofumbuka. Mzee Mdoe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Kwa kuwa alikaa mwisho wa benchi na jirani yake alikuwa ameshikwa na wengine, alikuwa ameliegemea bega la Awadhi, aliyekuwa mbele yake amekumbatia tari. Na alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, kisha akashusha macho kwenye miguu yangu.

Katika kanisa lote, mtu pekee aliyekuwa na miguu miwili chini ni yule aliyetunga jambo lenyewe.

Vigelegele vilipolipuka nilikuwa nimeshafika mlangoni. Lakini Korogwe hakuna pa kumkimbilia mwinjilisti. Alinikuta barazani kwenye foleni ya pilau.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona wewe ulisimama kwa miguu yako yote miwili?"

"Mguu ulikuwa unaniuma, mzee."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Basi ungeuinua huo huo."

Wakati huo Obadia akafika mbio, tari mkononi, kola imelowa, na Awadhi na Yuditha nyuma yake.

"Baba! Umemfahamu? Huyu ndiye Bona mwenyewe. Ndiye aliyetufundisha maana ya Sela."

"Ahaa," alisema Mzee Mdoe. "Kwa hiyo wanafunzi wote wamefanya, mwalimu kakataa." Akaweka kofia kichwani. "Neno hilo nimeliuliza tangu sijaoa. Nimewauliza wachungaji, nimemuuliza askofu alipokuja kubariki watoto. Wengine hudhani ni kituo, waimbaji wapumzike na ala ziendelee. Lakini kila mmoja alimalizia hivyo hivyo: hatujui kwa hakika. Wewe umejulia wapi, mwanangu?"

"Mjomba wake, baba," Obadia alinijibia kwa fahari. "Petro. Anasomea uchungaji."

"Petro." Mzee akalitafuna jina hilo. "Leo asubuhi pikipiki niliyokodi ilipata pancha Masuguru. Aliyeiziba anaitwa Petro. Kijana mchangamfu. Kaniambia, mzee, kama unakwenda kanisani mwangalie mpwa wangu Bona, yuko na kwaya ya Handeni. Huyo mjomba anasoma muda gani? Katikati ya tairi na tairi?"

Awadhi alisema "Aisee" kwa sauti ya chini. Yuditha alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Lakini aliyeniumiza ni Obadia. Hakukasirika. Alisimama tu na tari lake, tabasamu likimpotea polepole.

"Obadia," alisema baba yake, "tulikubaliana. Nijibu wewe. Kilichofanyika mle ndani ni ibada au mchezo?"

Obadia alifungua mdomo. Alitazama lile tari, kisha sakafu. Mtu ambaye alikuwa ameimba tangu alfajiri hakuwa na sauti ya kujibu neno moja. Nikaona kwamba angejibu "mchezo", kwa sababu ndivyo alivyo, angeona aibu kuutetea uongo hata kama si wake.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

Foleni ya pilau ikanigeukia. Mwenye upawa naye akasogea asikie vizuri.

"Hakuna mjomba anayesoma. Nilitunga. Nilimwona mchunga ng'ombe dirishani amesimama kwa mguu mmoja, nikasema ni Walawi. Nilitaka kucheka. Obadia aliamini kwa sababu alitaka kumwimbia Mungu vizuri. Ule mpango wa mabega ni wa Yuditha, na kile kimya ni cha Obadia, mimi sikumfundisha kimya. Mchezo ulikuwa wangu, mzee. Ibada ilikuwa yao. Kama kuna wa kutoka kwaya ni mimi, na hata hivyo sauti yangu si ya kulilia."

Mzee Mdoe alinyamaza kwa muda mrefu. Kama angeinua mguu ningesema ni Sela ya nne.

"Na wewe pale mwisho," aliuliza, "ulikuwa unacheka?"

"Nilijaribu, mzee. Nilishindwa."

Akamgeukia mwanawe, akamgonga begani, lile lile ambalo watu walilishika asubuhi nzima.

"Likizo utakuja Kwashemshi unifundishie kwaya. Hisabati utaleta pamoja na begi. Kimya ukiache kama kilivyo. Mguu uondoe, mabibi wa kwetu wana magoti."

"Ndiyo baba," alisema Obadia, na sauti ilimrudia kwa kishindo hivi kwamba tari alilolishika likaitika.

"Na matari ya watu yarudi makavu."

"Yatarudi, mzee," alisema Awadhi.

Nilianza kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye pilau. Nilikuwa nimeshaishika sahani.

"Wewe Bonaventura," alisema Mzee Mdoe bila kugeuka. "Ukishaufungua moyo, usiufunge nusu. Kuna lingine?"

Nilitazama kwapani mwangu, pale vifuniko viwili vya sufuria vilipokuwa vinang'aa kwenye jua. Nikawafikiria tumbili wa Handeni, ambao hata wakati huo huenda walikuwa wanakwepa kuni.

"Lipo, mzee," nikasema. "Linamhusu Mama Shamsia wa jikoni."